Kupinga Usahihi wa Obiti za Kometi Zilizochapishwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wapo wanaoamini kwamba obiti ya kometi, yaani njia ambayo nyota hiyo yenye mkia hupita kulizunguka Jua, ikishachapishwa imekuwa kauli ya mwisho, na wapo wanaoamini kwamba ikibadilika hata mara moja basi tangu mwanzo ilikuwa ya kubahatisha. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena kati ya pande hizo mbili. Msimamo wa majibu yote ni mmoja: obiti yoyote iliyochapishwa inaweza kupingwa na mtu yeyote, na nyingine zimewahi kupingwa zikarekebishwa, lakini kinachoipinga ni vipimo vya mahali kometi ilipoonekana pamoja na saa ilipoonekana hapo.

## Misingi

Obiti iliyochapishwa ina nini ndani yake?

Ina namba sita na tarehe moja. Namba hizo ni wakati kometi inapofika karibu zaidi na Jua, yaani periheli. Umbali wake kutoka kwenye Jua wakati huo. Ekisentrisiti, ambayo huonyesha obiti imevutika kiasi gani kutoka kwenye umbo la duara. Na pembe tatu zinazoeleza jinsi obiti ilivyolala angani. Pembe hizo ni mwinamo wake, upande inapolikata bapa la obiti ya Dunia ikielekea kaskazini, na mwelekeo wa periheli ndani ya obiti yenyewe. Tarehe ni ile ya epoki, yaani siku ambayo namba hizo sita zimekokotolewa ziwe sahihi.

Epoki ndiyo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo chanzo cha mabishano mengi yasiyo na msingi. Kometi haivutwi na Jua peke yake. Mshtarii, Zohali na sayari nyingine huivuta kila siku, hivyo obiti yake hubadilika kidogo kidogo, na namba sita za Januari si namba sita za Juni. Anayenukuu namba bila epoki amenukuu nusu ya habari.

Chapisho lililo kamili huonyesha pia idadi ya vipimo vilivyotumika, kipindi vilipochukuliwa, wastani wa masalio (tofauti kati ya mahali palipopimwa na mahali obiti inapotabiri) na kiwango cha shaka cha kila namba. Anayetaka kupinga aanzie hapo, kabla hajazitazama namba sita zenyewe.

Ni nani huzichapisha?

Vipimo kutoka duniani kote hupokelewa na kituo kiitwacho Minor Planet Center (MPC), kinachofanya kazi chini ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Kilianzishwa mwaka 1947 mjini Cincinnati na kuhamia Cambridge, Massachusetts, mwaka 1978. Kituo hicho hukokotoa obiti na kuzitangaza. Maabara ya Jet Propulsion Laboratory (JPL) iliyoko California hukokotoa obiti zake yenyewe, kwa sehemu kubwa kutokana na vipimo hivyohivyo, na kutoa efemeri, yaani majedwali ya mahali pa kometi kwa kila saa, kupitia huduma ya Horizons iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo. Wapo pia wakokotoaji binafsi na wa vyuo vikuu ambao kazi yao ni ya kuaminika sana.

Jambo la kushika ni kwamba vipimo vyenyewe viko wazi. Unayeshuku obiti huhitaji kumwamini wala kumtilia shaka aliyeikokotoa. Unaweza kuvichukua vipimo alivyovitumia na kuirudia hesabu.

Kama namba zimebadilika, je, waliozitangaza mwanzo walikosea?

Kwa kawaida hapana. Kometi ikigunduliwa, obiti ya kwanza hukokotolewa kutokana na kipande kifupi mno cha njia yake, pengine cha siku mbili au tatu, na ni kama kukisia ukubwa wa gurudumu kwa kuonyeshwa sehemu ya ukingo wake isiyozidi upana wa kidole. Kila usiku unaoongezwa hurefusha kipande hicho, na namba hutulia.

Mfano ulio wazi ni kometi C/2013 A1 (Siding Spring), iliyogunduliwa Januari 2013. Obiti za mwanzo zilionyesha kwamba ingepita karibu mno na Mirihi mwezi Oktoba 2014, na uwezekano wa kuigonga haukuweza kufutwa. Vipimo vya Aprili 2013 vilipoongezwa, makadirio ya JPL yalishuka kutoka nafasi 1 kati ya 8,000 hadi 1 kati ya 120,000, na baadaye uwezekano huo ukaondoka kabisa. Tarehe 19 Oktoba 2014 kometi hiyo ilipita kiasi cha kilomita 140,000 kutoka Mirihi. Obiti za mwanzo hazikuwa za uongo: zilitangazwa pamoja na shaka yake, na jibu la mwisho lilikuwa ndani ya shaka hiyo.

Shaka na kosa vina tofauti gani?

Shaka ni upana ambao mkokotoaji mwenyewe ametangaza kwamba jibu la kweli linaweza kuangukia. Kosa ni pale jibu la kweli linapoangukia nje ya upana huo kwa namna isiyoelezeka kwa bahati. Shaka huchapishwa kwa kipimo kiitwacho sigma. Ikiwa imekadiriwa vizuri, karibu theluthi moja ya majibu ya kweli yataanguka nje ya sigma moja, na hilo si ajabu wala si kashfa. Nje ya sigma tatu yataanguka kiasi cha 3 tu kati ya 1,000. Kwa hiyo kusema "namba yao imekosea kwa saa mbili" hakuna maana hadi useme shaka waliyoitangaza ilikuwa dakika tano au siku tatu.

Ningependa wanaopinga walizoee jambo hili kuliko jingine lolote, kwa sababu pingamizi lenye nguvu zaidi mara nyingi haligusi namba sita kabisa. Husema kwamba shaka iliyotangazwa ni ndogo kuliko inavyostahili.

Je, kosa lipimwe kwa kulilinganisha na nini?

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 260. Mwanaastronomia Edmond Halley alikuwa ameonyesha mwaka 1705 kwamba kometi za 1531, 1607 na 1682 zilikuwa kometi moja, na kwamba ingerudi mwaka 1758 au karibu na hapo. Mwanahisabati Alexis Clairaut, akisaidiwa na Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute, alikokotoa jinsi Mshtarii na Zohali zingeichelewesha: siku 518 kwa sababu ya Mshtarii na siku 100 kwa sababu ya Zohali. Mnamo Novemba 1758 alitangaza kwamba periheli ingekuwa katikati ya Aprili 1759, akiacha nafasi ya mwezi mmoja. Kometi ilifika periheli tarehe 13 Machi 1759.

Clairaut aliona kwamba mwezi mmoja ni kitu kidogo ukiulinganisha na safari ya miaka mingi. Mwanahisabati mwenzake, Jean d'Alembert, alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba urefu wa safari nzima ulijulikana tangu Halley, na kwamba kilichokokotolewa hasa ni mchango wa sayari; basi kosa lilinganishwe na mchango huo. Kwa maoni yangu d'Alembert alikuwa na haki katika hoja hiyo, hata kama hesabu ya Clairaut inabaki kuwa kazi kubwa ya kishujaa. Kosa la obiti hupimwa kwa kulilinganisha na kile ambacho hesabu ilidai kukijua.

## Tofauti ambazo si makosa

Vyanzo viwili vinatoa namba tofauti kwa kometi moja. Kipi ni sahihi?

Huenda vyote viwili. Kabla ya kuchagua, linganisha mambo matatu.

La kwanza ni epoki, kama ilivyoelezwa juu. Kometi Hale-Bopp ilipita karibu na Mshtarii mwezi Aprili 1996, na mvuto huo ulifupisha muda wake wa mzunguko kutoka takribani miaka 4,200 hadi takribani miaka 2,500. Anayetaja 4,200 anaongelea safari iliyokwisha, na anayetaja 2,500 anaongelea ile inayoendelea.

La pili ni fremu ya marejeo. Obiti za zamani ziliandikwa kwa fremu ya mwaka 1950 na za sasa kwa fremu ya mwaka 2000. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, kwa hiyo mwanzo wa kuhesabia pembe husogea kiasi cha sekunde 50 za tao kila mwaka (sekunde moja ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja), na kwa miaka 50 inafika karibu nyuzi 0.7. Ukikuta obiti mbili ambazo zinatofautiana kwa karibu nyuzi 0.7 katika pembe ya nodi, yaani ile ya mahali inapolikata bapa la obiti ya Dunia, ilhali umbali wa periheli na ekisentrisiti vinalingana, hujagundua kosa; umegundua fremu mbili.

La tatu ni muundo wa nguvu uliotumika, yaani kama mkokotoaji aliingiza msukumo wa gesi au hakuingiza. Hilo lina jibu lake katika sehemu inayofuata.

Muda wa mzunguko unatofautiana kwa makumi ya maelfu ya miaka. Hilo nalo si kosa?

Kwa kometi za muda mrefu, hapana, na hesabu fupi inatosha kulionyesha. Tuseme periheli iko kizio astronomia 1 kutoka kwenye Jua, yaani kiasi cha kilomita milioni 149.6. Ekisentrisiti ikiwa 0.9990, muda wa mzunguko ni miaka 31,600 hivi. Ikiwa 0.9995, unakuwa miaka 89,400. Ikiwa 0.9999, unafika miaka milioni moja. Badiliko lililo katika tarakimu ya nne baada ya nukta limeuzidisha muda mara thelathini, na bado mahali pa kometi angani wiki hii ni karibu palepale.

Kwa sababu hiyo, muda wa mzunguko ni namba mbaya kuliko zote ya kujengea pingamizi. Pinga mahali pa kometi angani, au wakati wa periheli.

Nimeelekeza darubini mahali palipotajwa na kometi haikuwepo. Je, nimethibitisha kosa?

Bado. Yapo mambo manne ambayo huleta tofauti hiyo mara nyingi zaidi kuliko kosa la obiti.

Angalia kwanza umri wa namba ulizotumia. Programu nyingi za anga hupakua obiti mara moja na kuendelea kuzitumia kwa miezi bila kuhesabu mvuto wa sayari. Halafu angalia kituo ulichokichagua ulipoomba efemeri: alama ya 500 humaanisha kitovu cha Dunia, si mahali unaposimama. Kometi iliyo umbali wa kizio astronomia 0.1 huweza kuonekana imesogea hadi sekunde 88 za tao kati ya kitovu cha Dunia na uso wake. Jambo la nne ni jepesi kulisahau: kometi iliyofifia inaweza kuwa mahali pake sahihi kabisa na bado usiione, kwa kuwa utabiri wa mwangaza ni kazi tofauti na obiti na una mashaka makubwa zaidi.

La tatu nimeliacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu linastahili kutazamwa kwa karibu. Hesabu za obiti hufanywa kwa saa inayotiririka sawasawa, ilhali saa ya kiraia ya ulimwengu huongezewa sekunde za marekebisho. Tangu mwaka 2017 tofauti kati ya saa hizo mbili ni sekunde 69.184. Kometi inayopita karibu na Dunia ikisogea nyuzi 5 kwa siku huenda sekunde 12.5 za tao kila dakika. Mtu akichanganya saa hizo mbili, atakuta kometi imepotoka kwa zaidi ya sekunde 14 za tao, usiku wote, kwa upande uleule, kwa uthabiti unaoshawishi kweli. Ukikutana na tofauti ya namna hiyo, gawanya tofauti kwa mwendo wa kometi. Jibu likiwa karibu na sekunde 69, kosa ni la saa.

Obiti ina ekisentrisiti inayozidi 1, yaani haijifungi kulizunguka Jua. Je, kometi imetoka nje ya mfumo wa Jua?

Si lazima. Kometi nyingi zilizotoka katika pembe za mbali za mfumo wetu huonyesha ekisentrisiti inayozidi 1 kidogo zinapokuwa karibu na Jua, kwa sababu ya kuvutwa na sayari. C/1980 E1 (Bowell) ilifika karibu 1.057 baada ya kupita jirani na Mshtarii mwezi Desemba 1980. Ilizaliwa humu, nayo sasa inatoka. Dai la asili ya nje huhitaji kurudisha obiti nyuma hadi kabla kometi haijaingia eneo la sayari, na kuona kama bado iko juu ya 1. Kwa 2I/Borisov ya mwaka 2019, yenye ekisentrisiti ya karibu 3.36, na 3I/ATLAS ya mwaka 2025, inayozidi 6, hakukuwa na nafasi ya ubishi wa aina hiyo.

## Mahali ambapo hesabu hukosea kweli

Vipimo vyenyewe hukosea wapi?

Kosa kubwa la kometi, ambalo asteroidi (miamba inayozunguka Jua bila wingu wala mkia) hazina, ni kwamba hatukioni kiini chake. Tunaona wingu la gesi na vumbi linalokizunguka, na programu hupima kitovu cha mwanga wa wingu hilo. Vumbi likiwa jingi upande wa mkia, kitovu cha mwanga husogea kuelekea mkiani, na kila darubini hukisogeza kwa kiasi chake, kutegemea upana wa duara la kupimia na urefu wa muda wa kupiga picha. Hivyo vituo mia moja vinaweza kukubaliana na vyote vikawa vimevutwa upande mmoja. Hapa ndipo shaka iliyotangazwa huwa ndogo isivyostahili, kwa sababu hesabu huchukulia kwamba makosa ya vituo hayahusiani.

Chanzo cha pili ni orodha za nyota za marejeo. Orodha zilizotumika kabla ya ile ya Gaia, chombo cha angani cha kupima mahali pa nyota, zilikuwa na mikengeuko ya sehemu ya sekunde moja ya tao, na iliyotofautiana kutoka pande moja ya anga hadi nyingine. Vipimo vya zamani vinaweza kusahihishwa, na anayekokotoa upya kipindi kirefu ahakikishe vimesahihishwa. Chanzo cha tatu ni saa ya kompyuta iliyoachwa bila kulinganishwa, ambayo dalili zake zimeelezwa hapa chini katika swali la masalio.

Nguvu zisizo za graviti, yaani zisizo za mvuto, ni zipi, na kwa nini huleta ubishi mwingi?

Jua linapoipasha kometi joto, barafu yake hugeuka gesi na kuruka kwa nguvu, na gesi hiyo huisukuma kometi kama roketi dhaifu. Johann Encke alionyesha mwaka 1819 kwamba kometi ambayo leo ina jina lake huzunguka kwa miaka 3.3, kisha akaona kwamba kila mzunguko inafika periheli kiasi cha saa mbili na nusu mapema kuliko sayari zinavyoruhusu. Alidhani kuna kitu chepesi angani kinachoikwamisha. Maelezo yanayokubaliwa leo yalitolewa na Fred Whipple mwaka 1950: kiini ni mchanganyiko wa barafu na vumbi, kinazunguka, na upande wenye joto zaidi ni ule wa alasiri, hivyo msukumo haulengi nyuma ya Jua moja kwa moja bali huegemea mbele au nyuma ya mwendo. Kometi Halley huchelewa kwa sababu hiyo. Philip Cowell na Andrew Crommelin walihesabu sayari kwa uangalifu mkubwa kwa ajili ya mwaka 1910, na bado periheli ilikuja kiasi cha siku tatu baada ya utabiri wao.

Tangu mwaka 1973 msukumo huo huingizwa kwa muundo wa Marsden, Sekanina na Yeomans, wenye namba hadi tatu za ziada. Muundo huo umetumika vizuri kwa nusu karne, lakini unachukulia kwamba barafu ni ya maji na kwamba msukumo hufuata umbali kutoka kwenye Jua kwa kanuni moja laini. Kometi inayotoa gesi nyingine ikiwa mbali, au inayofyatuka ghafla, haitii kanuni hiyo. Pingamizi lililoandikwa vizuri dhidi ya namba hizo ni mchango wa kweli. Ila kuna hatari yake: ukiongeza namba za kutosha, hesabu italingana na vipimo vyovyote, hata vibovu.

Mshtarii anaweza kuharibu utabiri kiasi gani?

Anaweza kuufuta kabisa. Kometi Lexell ilipita kilomita milioni 2.2 hivi kutoka Dunia tarehe 1 Julai 1770, na Anders Lexell alikokotoa mzunguko wa miaka 5.6. Wengi waliuliza kwa nini basi haikuonekana kabla, na kwa nini haikuonekana baadaye. Jibu lake ni kwamba Mshtarii aliivuta ndani mwaka 1767 na kuitupa nje mwaka 1779. Obiti yake ilikuwa sahihi kwa muda ule iliyokokotolewa.

Kometi Tempel 1 inafundisha upande wa pili. Ilipotea baada ya mwaka 1879 kwa kuwa Mshtarii aliibadilisha njia mwaka 1881. Brian Marsden alikokotoa upya akatabiri ingekuwa wapi mwaka 1967, na Elizabeth Roemer alipopitia tena picha zake mwishoni mwa 1968 alikuta doa hafifu kwenye picha ya tarehe 8 Juni 1967, karibu kabisa na mahali palipotabiriwa. Hata hivyo picha moja haikutosha, na uthibitisho ulisubiri hadi kometi ilipoonekana tena mwezi Januari 1972. Anayeuliza kwa nini picha yake moja haijabadilisha obiti iliyochapishwa aikumbuke hiyo.

Je, kometi mbili zinaweza kuunganishwa kimakosa, au moja ikahesabiwa kuwa mbili?

Ndiyo, na Swift-Tuttle ndiyo inayoonyesha uzito wa jambo hilo. Ilionekana mwaka 1862, na kwa vipimo hivyo peke yake ilitarajiwa kurudi karibu na mwaka 1981. Mwaka 1973 Marsden alitoa njia mbadala: kama ni ileile iliyoonekana mwaka 1737, ingerudi mwishoni mwa 1992. Haikuja 1981. Ilikuja 1992, lakini ikapishana kwa siku 17 na tarehe aliyoitaja.

Siku hizo 17 zilikuwa na matokeo. Kama kosa la namna hiyo lingejirudia mwaka 2126, kometi ingeweza kukutana na Dunia tarehe 14 Agosti mwaka huo, na hilo lilisemwa hadharani. Lilijibiwa kwa kuunganisha kometi na kumbukumbu za Kichina za mwaka 188 na za mwaka 69 kabla ya Kristo: obiti iliyopitia vipimo vya karne ishirini ikawa imara kiasi cha kuondoa hatari hiyo.

## Kuandaa na kuwasilisha pingamizi

Ninahitaji ushahidi wa namna gani?

Vipimo vya mahali pa kometi vilivyochukuliwa katika usiku zaidi ya mmoja, kila kimoja kikiwa na saa sahihi hadi sekunde, alama ya kituo kilichosajiliwa, orodha ya nyota iliyotumika na upana wa duara la kupimia. Anayeanza huombwa na MPC kupima kwanza asteroidi ambazo obiti zake zinajulikana vizuri, ili ubora wa kazi yake uonekane kabla ya kupewa alama. Utaratibu huo si wa kuwafungia watu mlango; vipimo hivyohivyo vya asteroidi ndivyo vitakavyokulinda utakapoambiwa kwamba saa yako ni mbovu.

Nitaikokotoaje obiti mwenyewe?

Zipo programu za bure, kama Find_Orb na OrbFit, ambazo hupokea vipimo na kutoa obiti pamoja na masalio. Chukua vipimo vyote vilivyochapishwa, zalisha kwanza obiti ileile iliyotangazwa, na baada ya hapo tu ongeza vipimo vyako au ubadilishe uzito ambao kila kipimo kinapewa katika hesabu. Kama huwezi kuizalisha obiti yao kwa data yao, hujafika mahali pa kuipinga.

Masalio yanasema nini?

Masalio ni tofauti kati ya mahali ulipopima na mahali obiti inapotabiri, na mpangilio wake hueleza zaidi kuliko ukubwa wake. Tuseme usiku mmoja una masalio ya sekunde za tao 2.1, 1.9, 2.2 na 2.0, yote yakifuata mwelekeo wa mwendo wa kometi, nayo inasogea sekunde 12.5 za tao kwa dakika. Hiyo ni saa iliyopotoka kwa kiasi cha sekunde kumi. Yakiwa yameelekea mkiani, shuku kitovu cha mwanga. Yakiwa yametawanyika pande zote, ni kelele ya kawaida ya upimaji.

Sasa tuseme masalio ya vituo vinne visivyohusiana ni 0.4 usiku wa kwanza, 0.9 baada ya wiki, 1.7 baada ya wiki mbili na 2.8 baada ya tatu. Hapo obiti inaachwa nyuma na kometi, na hapo una hoja.

Vipimo vyangu havikutumika katika hesabu. Je, vimefichwa?

Vipimo visivyotumika kwa kawaida hubaki kwenye hifadhi ya wazi, ila hesabu haikuvipa uzito kwa kuwa masalio yake yalipita kikomo. Unayo haki ya kuuliza kikomo hicho ni kipi. Ni hoja halali hasa pale vipimo vya vituo kadhaa vinapokataliwa kwa pamoja vikiwa vimepotoka upande mmoja, kwa sababu inawezekana vilivyokataliwa ndivyo vilivyoiona kometi ikibadili mwendo. Andika barua fupi, taja tarehe na alama za vituo, ambatisha masalio, na uonyeshe obiti inakuwaje vikirudishwa. Maneno makali hayaongezi uzito wa kipimo.

Sina darubini. Naweza kuchangia?

Ndiyo. Picha za zamani za anga ni hazina. Hale-Bopp iligunduliwa Julai 1995, kisha ikapatikana kwenye picha ya tarehe 27 Aprili 1993, na kipimo hicho kimoja kikaongeza zaidi ya miaka miwili kwenye kipande cha njia yake. Ukipata kometi kwenye picha iliyotangulia ugunduzi wake, umefanya kazi ambayo usiku mwingi wa kuipima sasa usingeifanya.

## Hali za pembeni

Kometi imevunjika. Obiti ipi ni ya kweli?

Kila kipande kina obiti yake, na mahali pa kuchungwa ni vipimo vilivyochukuliwa wakati vipande havijatenganishwa vizuri, kwa kuwa vingine hupima kipande kimoja na vingine katikati yao. Kometi 73P ilipovunjika mwaka 1995, vipande vilipewa herufi, na kufikia 2006 vilihesabiwa kwa makumi. Kometi ISON ilisambaratika ikipita periheli tarehe 28 Novemba 2013. Efemeri yake iliendelea kupatikana, ikionyesha mahali ambapo kingekuwapo kiini ambacho hakipo tena.

Vipi kuhusu obiti za kometi za kale?

Hapa pingamizi nyingi ni za kalenda. Uingereza ilitumia kalenda ya Julius hadi mwaka 1752, hivyo tarehe zake za mwaka 1682 ziko nyuma kwa siku 10. Siku ya wanaastronomia ilianza saa sita mchana hadi mwisho wa 1924, na mwaka 69 kabla ya Kristo huandikwa -68 katika hesabu. Ukikuta tofauti ya siku 10, ya nusu siku au ya mwaka mmoja kamili, rudi kwenye kalenda kwanza.

Tofauti zisizolingana na mojawapo ya hizo ndizo za kufuatilia. Kumbukumbu ya kale yenye makundi ya nyota na saa ya usiku ni kipimo kama kipimo kingine, chenye shaka ya nyuzi badala ya sekunde za tao, na kipewe uzito unaolingana na shaka hiyo.